Mrushaji Wetu kwa Kiraka Wao

Wenzangu wa depo,

Siku mliyoniaga kwa keki yenye picha ya mashine ya kukatia majani, mliniomba niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Nimeshaanza kusahau, kwa hiyo naandika upesi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wawili kati yenu mnakisoma, na waliobaki mtawasomea wakati wa chai. Vyeo na mshahara sitavigusa. Hayo yako kwenye mafaili, na hayakunifundisha kukata majani. Nitaandika juu ya udongo na mistari, juu ya mtu aliyenifundisha kazi, na juu ya msimu mmoja wa besiboli ambao nusura unitenganishe na mwanangu.

Nilizaliwa Muheza, nikaja London kumfuata marehemu mume wangu, na kazi yangu ya kwanza pale kwenye viwanja vya michezo vya halmashauri ilikuwa kufagia vyumba vya kubadilishia nguo. Mkuu wa uwanja alikuwa Mzee Cyril, Mjamaika mrefu mwenye masharubu meupe, ambaye alizungumza na majani zaidi kuliko watu. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu msaidizi wake hakuja. Cyril akasimama mlangoni, akanitazama na ufagio wangu, akauliza, "Unaweza kutembea ukiwa umenyooka?"

Nikamwambia naweza. Nilidhani ananitania.

Akanikabidhi kile kigari cha kuchorea mistari, chenye gurudumu mbele na ndoo ya rangi nyeupe juu yake, akaniambia nichore mstari wa pembeni wa uwanja wa mpira wa miguu. Nilisukuma huku nikiliangalia gurudumu, kama mtu anayeogopa kukanyaga kifaranga. Nilipofika mwisho na kugeuka, mstari ulikuwa umepinda kama mkia wa mjusi. Cyril hakucheka. "Umeangalia gurudumu," akasema. "Usiliangalie. Chagua kitu kule mwisho, kitazame hicho hicho, ukiendee."

Upande wa pili nikachagua mbwa mweusi aliyekuwa amekaa kule mwisho. Katikati ya safari mbwa akaondoka, nami nikamfuata. Jumamosi ile timu mbili zilicheza kwenye uwanja wenye kiuno. Mwamuzi aliandika malalamiko, Cyril akayasoma kwa makini, akayakunja, akayatia mfukoni. Jumatatu akaniambia niache ufagio, niende naye. Sikuurudia tena.

Alinifundisha vitu ambavyo bado navifanya bila kufikiri. Ukataji wa majani huanza na macho: tembea uwanja mzima kwanza, okota chupa na mawe, kwa sababu kisu cha mashine kikikutana na jiwe, nyote watatu mtajuta, wewe, kisu na dirisha la mtu. Uma wa kutobolea udongo upige wima, usiutikise, vinginevyo utapata mashimo mapana yatakayojaa maji. Mvua ikinyesha siku tatu, usiulize mtu yeyote kama uwanja unachezeka. Chomeka kidole, uulize udongo wenyewe.

Somo hilo la mwisho lilinigharimu aibu. Mwaka wangu wa pili, Cyril akiwa na homa, iliangukia kwangu kuamua kama mechi itachezwa. Walikuja Wakenya kutoka Ilford, wamevuka London nzima na watoto wao na masufuria ya pilau yamefungwa kwa mataulo. Waliponisikia nikiongea wakafurahi mno. "Dada, sisi ni watu wa nyumbani," nahodha wao akaniambia. "Dakika tisini tu. Tutacheza pole pole." Nilichomeka kidole, kikazama chote. Nikafunga geti. Waliniita majina ambayo nilikuwa sijayasikia tangu niondoke Tanga. Baadaye wakala pilau yao kwenye maegesho ya magari, na mama mmoja akaniletea sahani bila kunisemesha. Nilikula nikiwa nimesimama, na ilikuwa pilau nzuri sana.

Rehema alizaliwa mwaka wangu wa tatu kazini. Alipoanza shule, mchana alikuja moja kwa moja viwanjani kuningoja nimalize. Alikuwa na tabia ya kutupia mawe kwenye ndoo ya zamani nyuma ya banda. Kwa ajili ya visu vyangu nilimkataza mawe, nikampa mipira ya tenisi iliyokuwa ikiruka ua kutoka viwanja vya jirani. Akiwa na miaka kumi, ndoo ile alikuwa haikosi hata akiwa amegeuka upande. Mimi niliona mtoto anacheza. Sikujua kwamba ninamtengeneza mrushaji.

Besiboli tuliletewa na halmashauri kwa barua ya mistari minne. Cyril alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao, nami nilikuwa sijawahi kuuona mchezo huo hata kwenye televisheni. Aliyenisaidia ni Bwana Kirit, meneja wa timu ya jezi za kijani, Mhindi aliyezaliwa Kisumu na kukulia Nairobi, mwenye duka la vifaa vya umeme karibu na stesheni ya Rayners Lane. Alikuja na kitabu cha vipimo, na alipogundua ninatoka Tanga akakifunga, akaanza kunieleza kwa Kiswahili huku akichora chini kwa kijiti. Mrushaji anasimama hapa katikati, juu ya kilima kidogo. Mpigaji yuko kule na gongo. Akiupiga mpira, anakimbia kuzunguka vituo vitatu hadi arudi alikoanzia, na mrushaji na wenzake, ambao jumla yao ni tisa, wanajaribu kumtoa kabla hajafika.

Kile kilima mimi nilikiita kichuguu, na hadi leo ndilo jina lake pale depo. Kichuguu cha kwanza nilichokijenga kilifanana na kaburi kiasi kwamba asubuhi moja nilikuta mtu ameweka maua. Ilinichukua msimu mzima kujifunza kuchanganya udongo wa mfinyanzi na mchanga ili kisipasuke jua likiwaka wala kisigeuke uji mvua ikija. Siri ni kuloweka kidogo kidogo na kushindilia kila tabaka kabla ya kuongeza jingine. Mkiharakisha, mtakirudia.

Rehema alijiunga na wale wa kijani akiwa na miaka kumi na sita, msichana peke yake. Hakuwa na mbio wala nguvu za kutisha, lakini mpira wake ulikwenda pale alipouambia uende. Alipokuwa mtu mzima, anafanya kazi kwa daktari wa macho kule Harrow, bado alikuwa mrushaji wao wa pili. Wa kwanza alikuwa mwalimu mmoja Mwaustralia mwenye mkono kama manati. Rehema alipewa mpira mwalimu akichoka au akisafiri. Hakulalamika, na mimi nikadhani kutolalamika ni kuridhika.

Kisha ikaja timu ya pili, ya jezi za buluu, ambayo uwanja wake ulikuwa umejengwa nyumba. Wakawa wanatumia wetu. Na humo ndimo alimokuwa Espoir.

Espoir ni Mkongomani wa Bukavu, kijana mwembamba anayefanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Ilford. Besiboli alijifunza Kampala, alipoishi kama mkimbizi kabla ya kuletwa huku. Zamu zake zilikuwa za asubuhi, hata Jumapili, kwa hiyo alifika mechi ikiwa imeshaanza, anakimbia kutoka kituo cha basi akifunga vifungo vya jezi. Timu ilikuwa imeshajipanga, naye alipelekwa popote palipokuwa na tobo. Wiki hii kituo cha kwanza, wiki ijayo nyuma kwenye majani, wiki nyingine anadaka nyuma ya mpigaji. Nilimuuliza siku moja, akija kuchota maji kwenye bomba la bandani, anapenda kusimama wapi hasa.

"Mama, miye fasi yote ni yangu," akasema akicheka. "Nikichagua, nitakuta mutu amekaa."

Kwetu Tanzania mchezaji wa namna hii tunamwita kiraka. Si tusi. Nguo nyingi nzuri zimeendelea kuvaliwa kwa sababu ya kiraka.

Msimu wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, wale wa kijani walianza vibaya. Jumatatu moja asubuhi Kirit alipita bandani akielekea dukani, kalamu ikiwa imechomekwa sikioni. Siku iliyotangulia timu hizo mbili zilikuwa zimecheza na vijana wake wakafungwa.

"Mama Rehema," akasema, "wewe unatuona kila wiki, sisi na wale wengine. Huyu Espoir ni mchezaji wa ukweli, ama anajaza tu nafasi?"

Nilikuwa bado sijapitisha wavu wa chuma wa kusawazishia udongo, kwa hiyo nikamwambia anifuate. Watu hutazama mpira. Mimi kwa miaka yote hiyo nimetazama chini, na chini panaandikwa mengi. Kila kiatu cha mchezo kina meno yake. Nilimpeleka kituo cha tatu, alikoanzia Espoir, nikamwonyesha alama mbili fupi zilizo sambamba, na mbele yake hatua moja, juu ya hatua, juu ya hatua, kama mtu aliyepiga muhuri mahali pamoja.

"Kila mpira unaporushwa anapiga hatua moja mbele," nikamwambia. "Hata ule usiomhusu. Hajaacha hata mmoja."

Tukaenda nyuma kwenye majani, alikohamishiwa baadaye. Umande ulikuwa bado haujakauka, na alama zikawa zile zile. Kirit akainama, akazigusa.

"Sasa njoo uone hizi za kwenu," nikasema, nikampeleka kituo cha pili. "Huyu mwenye meno mapana amezunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Huyo ni mpwa wangu," akasema Kirit.

"Basi mwambie mpwa wako."

Akacheka, akaniaga, akaenda kufungua duka. Sikumuuliza kwa nini anataka kujua.

Jumamosi iliyofuata mvua ilitufungia ndani. Wale wa kijani walikuja kufanya mazoezi, wakaishia kwenye chumba cha kubadilishia nguo wakingoja anga lifunguke, nami nikawatengenezea chai. Rehema hakuwepo, alikuwa kazini. Kirit alikuwa anabishana na Alan, mtunza alama wao, mfanyakazi mstaafu wa posta ambaye ana madaftari ya kila mechi waliyowahi kucheza. Ligi yao ni ya watu wasiolipwa, lakini mchezaji hawezi kuhama katikati ya msimu bila timu zote mbili kutia saini. Kwa hiyo mameneja hubadilishana: nipe huyu, nikupe yule. Wale wa buluu walikuwa tayari kumtoa Espoir, ila walitaka mrushaji.

"Unawapa kitu adimu ili upate kitu cha kujazia," Alan alisema. Waliongea Kiingereza, nami nawaletea kwa Kiswahili. "Anayeweza kusimama popote ni msaada mzuri siku ya shida. Lakini mechi huanzia mkononi mwa mrushaji. Mtu anayepiga shabaha kila mara utampata wapi tena?"

"Siku ya shida ni kila Jumapili," Kirit akamjibu. "Wawili wako zamu hospitali, mmoja yuko harusini, mwingine mgongo. Wiki tatu sasa nimecheza na watu wanane na nusu."

"Nusu ni nani?"

"Mpwa wangu."

Watu wakacheka, na mpwa mwenyewe akacheka. Lakini Kirit hakuacha. Alisema mrushaji arushe vizuri namna gani, mpira ukipigwa chini kuelekea mahali ambapo amesimama mtu asiyepajua, kazi yote imeharibika. Alisema mtu mmoja kama Espoir ni sawa na kuwarudisha watu watatu mahali pao. "Na si mimi peke yangu. Hata Mama Rehema ameniambia. Alinionyesha kwenye udongo."

Alan akaweka kikombe chini. Akanitazama mimi, kisha yeye. "Mama Rehema anajua mnataka kumtoa nani?"

Kirit akakoroga chai ambayo alikuwa ameshaikoroga. "Ni Rehema," akaniambia kwa Kiswahili, taratibu. "Wale hawataki mwingine. Ningekuambia Jumatatu, lakini nilitaka kusikia ukweli kwanza. Nilikuuliza kama mtu wa uwanja, si kama mama yake."

Nilikuwa nimeshika birika. Nililishikilia tu. Mvua ilikuwa ikipiga bati. Alan, mtu mwema, akasema kwa upole, "Sema lolote tu. Tutakuelewa."

Nadhani ni maneno hayo yaliyonimaliza. Kwa sababu ni kweli, wangenielewa. Ningesema nilikosea, zile alama zilikuwa za mtu mwingine, na kila mmoja angeitikia kwa kichwa na kujua kwamba mama anamlinda mwanawe. Tangu siku hiyo hakuna ambaye angeniuliza tena habari ya udongo na kuyaamini majibu.

Nikasema, "Niliyoyasema juu ya Espoir hayajabadilika. Na kuhusu Rehema, nendeni kwenye kichuguu baada ya yeye kurusha. Mguu wake unatua kwenye tundu moja mechi nzima. Mwalimu wenu ana matundu manne. Mkimtoa mtakuwa mmempoteza mrushaji mzuri. Msipomtoa mtaendelea kukosa watu vituoni. Yote mawili ni kweli. Chagueni wenyewe."

Kisha nikamimina chai.

Kirit aliamua jioni ile, na Jumapili alimpigia Rehema, kwa kuwa bila ridhaa yake jambo lisingewezekana. Alimweleza pia kwamba kwa wale wa buluu atakuwa mrushaji wa kwanza. Haya nilikuja kuyajua baadaye. Mimi mwenyewe Jumamosi usiku niliitazama simu, nikajiambia si mambo yangu, meneja ndiye wa kusema. Jumapili nikajiambia labda hawajaamua. Katika kazi yangu sijawahi kuogopa nahodha wala mwamuzi, na hapo nikaogopa kumpigia mtoto wangu.

Jumatatu jioni akaja nyumbani. Hakuvua koti. Rehema anakielewa Kiswahili chote, hata cha mafumbo, lakini hunijibu kwa Kiingereza, na akiwa na hasira Kiingereza chake huwa safi kama cha mwanasheria.

"Kirit anasema uliulizwa."

"Niliulizwa."

"Ukasema Espoir ni bora kuliko mimi?"

"Hapana. Sikusema hivyo." Nikamweleza nilivyosema, neno kwa neno, na tundu moja na matundu manne.

Alisikiliza hadi mwisho. "Haya uliyasema Jumamosi," akasema. "Leo Jumatatu."

Nikamvutia kiti, asikae.

"Nimekubali," akasema. "Nimeshatia saini." Akatoka. Ujumbe wake wa simu wiki zilizofuata ulikuwa wa heshima tupu: amefika, ameshiba, hajambo.

Timu ya buluu iliendelea kucheza kwenye uwanja wetu, kwa hiyo nilimwona, lakini hakuja tena bandani kunywa chai. Nilimsoma kwa mguu wake. Wiki ya kwanza tundu kwenye kichuguu lilikuwa refu kiasi cha kuingiza ngumi. Alikuwa anarusha kwa hasira, na walifungwa vibaya. Wiki ya tatu tundu likarudi la kawaida, dogo, safi, mahali pamoja. Wakashinda, kisha wakashinda tena. Nilikuwa najaza tundu lile kwa udongo kila Jumatatu, na nakiri kwamba nililijaza kwa uangalifu kuliko mengine.

Kwa wale wa kijani Espoir alifanya yale yale aliyofanya kwa wa buluu. Alifika amechelewa, na kila alipofika watu watatu walihama wakarudi mahali pao, kama nyumba ambayo mwenyewe amerudi akapanga viti. Hawakuwa mabingwa. Waliacha tu kufungwa kwa aibu, na mpwa wa Kirit akapata kituo kimoja cha kukijua, akatulia.

Siku moja Espoir alikuja bandani, akasimama mlangoni bila kuchota maji. "Mama, banasema njo miye nilifukuza mtoto yako."

"Hukumfukuza. Nani kasema?"

"Batu. Niende kumuomba musamaha?"

Kijana huyu alikuwa ametoka kuwageuza wazee vitandani tangu alfajiri, amepanda treni mbili na basi, na sasa anataka kubeba na mzigo wangu. "Hapana, baba," nikamwambia. "Anayetakiwa kuomba msamaha ni mimi. Wewe nenda kacheze."

Alinitazama kama anataka kusema, basi kwa nini hujaomba? Adabu ikamzuia.

Mechi ya mwisho kati ya timu hizo mbili ilichezwa mwishoni mwa mwezi wa nane, siku ya jua la upole. Ijumaa kabla yake mbweha alikuwa amechimba karibu na kituo cha tatu, jambo ambalo hapa London halimshangazi mtu. Nilijaza shimo, nikashindilia, nikapitisha wavu, nikaridhika.

Rehema alirusha mechi nzima. Hadi awamu ya mwisho timu zilikuwa sawa. Wale wa kijani walikuwa na mkimbiaji kwenye kituo cha tatu, wawili walikuwa wameshatolewa, na akitolewa wa tatu zamu yao imekwisha. Aliyekuja na gongo alikuwa Espoir.

Nilitoka bandani nikasimama nje kabisa, jambo ambalo silifanyi. Rehema alirusha wa kwanza, Espoir akaukosa. Wa pili akaukosa. Kwa wa tatu nilimwona mwanangu akivuta pumzi, na mpira ukaenda chini, pembeni kabisa, mahali ambapo mpigaji hawezi kuuacha wala kuupiga vizuri. Espoir aliugusa tu. Ukatambaa kuelekea kituo cha tatu, mlegevu, rahisi kuokotwa. Rehema alikuwa ameshaanza kushuka kwenye kichuguu. Alikuwa amemshinda.

Mlinzi wa buluu akainama. Mpira ukagusa pale nilipojaza shimo la mbweha, ukaruka juu ya bega lake kama chura, ukaenda zake majanini. Mkimbiaji akarudi alikoanzia akitembea, na hilo likawa bao. Jezi za kijani zikashinda.

Rehema hakumtazama mlinzi. Aligeuza kichwa taratibu, akanitazama mimi.

Espoir hakusherehekea. Alimpa Rehema mkono, wakasemezana maneno mawili, na mara akakimbilia kituo cha basi. Wengine wakawa wanakusanya vifaa. Rehema akaja moja kwa moja bandani, vumbi magotini.

"Pale palikuwa na nini?"

"Mbweha alichimba. Nilijaza, lakini sikushindilia vya kutosha."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

Kisha mdomo ukaanza kumcheza, akajizuia, akashindwa, akacheka hadi akaketi juu ya mfuko wa mbegu. "Ukanitoa kwenye timu," akasema, "halafu ukanifunga."

Nami nikacheka, kwa woga. Alipotulia akauliza, "Ukiulizwa tena, ungesema vile vile?"

"Vile vile. Ila ningekupigia simu kabla hata ya kumimina ile chai."

Akachezea kamba ya glavu yake. "Nilijua tangu Jumamosi ile," akasema. "Alan alinitumia ujumbe mkiwa bado mko ndani na mvua inanyesha. Aliniandikia yote uliyosema. Nilijivunia, Mama. Nikasema, sasa hivi atanipigia. Nikakaa na simu siku mbili, na Jumatatu nilikuuliza ili tu niyasikie kwako."

Miaka zaidi ya thelathini nimefanya kazi na watu wanaonikasirikia, na nilikuwa najua jinsi ya kusimama. Siku hiyo niliketi kando yake kwenye mfuko wa mbegu, nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Niliogopa." Aliniegemea tu bega, jasho na vumbi na yote.

Baadaye akasimama akauliza udongo wa mfinyanzi uko wapi. Tulilifukua shimo lile upya hadi chini, tukaondoa udongo wangu wote wa Ijumaa, tukajaza tabaka kwa tabaka. Mimi namwaga maji, yeye anashindilia, kwa mkono ule ule uliokuwa umerusha mechi nzima, hadi nikamwambia aupumzishe. Alikataa. Aliniambia anapenda kuwa wa kwanza, na kwamba kwa wale wa kijani angezeeka akingoja mwalimu augue. Aliniambia pia nisijipongeze kwa hilo, kwa sababu sikulijua. Ni kweli, sikulijua.

Mwezi uliofuata nikastaafu. Yaliyobaki ni ya kazi, nanyi myasikie vizuri. Mahali penyewe ni hatua nne kushoto kwa kituo cha tatu. Mbweha bado yupo, nimemwona wiki iliyopita nilipopita kwenda kuwaangalia. Mkikuta amechimba, msijaze juu juu kama nilivyofanya mimi. Fukueni mpaka chini. Rehema anarusha Jumapili.